Igongo, Biharwe: inafaa kusimama na watoto?

Baba Shamim: Habari zenu. Mwezi ujao nampeleka mama Mbarara pamoja na watoto. Njiani, pale Biharwe, nasikia kuna makumbusho ya mtu binafsi, Igongo. Jirani anasema ni hoteli tu yenye vitu vya kale. Tusimame, au ile ya serikali pale Kitante, Kampala, inatosha?

Binti wa Ankole: Kaka, simameni. Hoteli ipo, lakini makumbusho yenyewe, Eriijukiro, ni kazi ya mzee James Tumusiime, yule mwanzilishi wa Fountain, wachapishaji wa vitabu. Ile ya Kitante ni kongwe, ilianza 1908, ila imebeba Uganda nzima. Hapa ni maisha ya watu wa kusini magharibi, mpaka vya jikoni.

Msipite haraka kwenye vyombo vya maziwa. Ebyanzi ni vya mti, vyeusi, vinang'aa kwa moshi na samli, na kila kimoja kina kifuniko cha kusuka kilichochongoka juu. Bibi yangu alikuwa akivifukiza kwa moshi wa nyasi kabla ya kutia maziwa, yapate harufu nzuri na yasiharibike upesi. Vyake viligawanywa baada ya msiba na sijui vimeishia wapi. Nyumbani sasa ni madumu ya plastiki. Ndiyo maana namshukuru sana mzee huyu aliyekusanya mapema. Kama mama amekulia kwenye ng'ombe, mwacheni yeye awaeleze watoto, maana kibandiko ukutani hakijui kukamua.

Dereva wa Masaka Road: Msikose pia mnara wa kupatwa kwa jua, upo hapo hapo Biharwe. Jeshi la Olimi, mfalme wa Bunyoro, lilikuwa likirudi na ng'ombe wa kuteka, jua likafifia mchana, wakakimbia wakawaacha ng'ombe. Wanahistoria wanalihusisha tukio hilo na kupatwa kwa jua kwa tarehe 17 Aprili 1520. Wanangu bado wanasimulia.

Baba Shamim: Asanteni sana. Mama ni wa Ibanda, amekamua mpaka alipoolewa! Na chakula?

Binti wa Ankole: Basi atafurahi kweli. Ulizeni eshabwe, ile samli iliyopigwa kwa maji na chumvi ya mawe mpaka ikawa nyeupe, mle na kalo, ule ugali wa ulezi. Tembeeni kwanza, mle baadaye. Watoto wakishiba hawataki tena kusimama mbele ya kitu. Mkitoka Kampala, Igongo mnaifikia kabla ya Mbarara mjini, kando ya barabara kuu.