Tupeane uzoefu: wewe uliwekaje rekodi ya yaliyotokea kwa maandamano?

Karani_wa_Orodha
Wadau, mko salama? Nimeanzisha hii kwa sababu kila 25 Juni ikifika, ile siku waandamanaji waliingia Bunge 2024, tunawasha mishumaa, tunaweka picha ya Rex Masai na wenzake waliouawa kwa maandamano, halafu Julai hata haijaisha tushasahau nani alikuwa nani. Mimi tangu ile wiki ya kupinga mswada wa fedha wa Kenya 2024 niko kwa kikundi kidogo cha kukusanya majina, waliopigwa risasi, waliokamatwa, waliochukuliwa haijulikani wamepelekwa wapi, na nikiwaambia ukweli vitu vingi tunavyoletewa haviwezi kusimama popote. Unatumiwa picha ya kijana anavuja damu, ukiuliza ni wapi, saa ngapi, nani alipiga hiyo picha, unaambiwa imetoka kwa grupu, na hiyo grupu nayo imeitoa kwa grupu ingine.

Mnakumbuka hesabu zilivyokuwa. 30 Juni rais alikaa na waandishi akasema waliokufa ni 19. Kesho yake, 1 Julai, tume ya haki za binadamu (KNCHR) ikasema ni 39 na majeruhi 361. Siku mbili zikifuatana na hapo katikati kuna watu 20! Hao 20 wamehesabiwa kwa sababu kuna mtu alienda mochwari na kalamu, ama nesi aliandika vizuri, ama mama alikataa kutoka kituo cha polisi bila namba ya OB, kile kitabu cha kuandikia matukio.

Sasa siasa ya nani alikuwa upande gani iacheni kando, kuna nyuzi zingine za hiyo. Nataka kusikia uliandika nini, ulirekodi vipi, ni nini kilisaidia na ni wapi ulikwamishwa. Majina ya hospitali na vituo msiweke, na majina ya majeruhi ndio msithubutu kabisa.

Nesi_wa_Zamu
Naanza mimi. Ile Jumanne waandamanaji waliingia Bunge nilikuwa kazini, majeruhi wanaletwa na bodaboda wamefungwa mguu na bendera. Shida ya kwanza walikataa kutoa majina, na nawaelewa, kwa sababu kwa benchi ya kungojea daktari kulikuwa na wanaume wawili wa jaketi hawaumwi popote, kazi yao ni kuuliza kama kuna aliyeingia na jeraha la risasi. Basi wodi moja tukawa na Olunga watatu, na hakuna hata mmoja anafanana na Olunga yule mchezaji wa mpira.

Tulikubaliana hivi na dokta wa zamu, jina tuandike lile mtu ametoa, lakini jeraha tuliandike lote. Tundu la kuingilia liko wapi, la kutokea liko wapi, upana wake, pembeni kuna weusi wa baruti ama hakuna, saa aliyofika, nani alimleta. Mtu akiwa na tundu dogo nyuma ya paja na kubwa mbele, hiyo karatasi yenyewe inasema alikuwa amewapa mgongo. Huhitaji kuongeza kitu.

Na msiandike "amepigwa na polisi" kama hamkuwepo. Andika "anasema alipigwa na askari aliyevaa sare, akiwa anakimbia". Inaonekana ni kitu kidogo, ila nimeona wakili wa upande ule akimtoa jasho dokta mzima kwa sababu ya neno moja la kujitia shahidi.

Mochwari nako kuna mambo. Kile kitabu cha kupokea miili kina nafasi ya sababu ya kifo, na anayejaza ni yule ameleta mwili, sio daktari. Nimeona kwa macho yangu "ajali ya barabarani" na mtu ana tundu kifuani. Ile ingine wanaipenda ni "kupigwa na raia". Kwa hiyo familia ikienda kutambua mwili isiangalie sura tu ilie itoke, iulize kitabu kimesema nini, nani aliandika, mwili uliokotwa wapi, kisha idai upasuaji ufanywe na daktari wao akiwepo.

Karani_wa_Orodha
Hapo kwa daktari wa familia nakuunga mkono kabisa. Kesi ya Albert Ojwang aliyefia mikononi mwa polisi Juni 2025, polisi walisema aligonga kichwa ukutani mwenyewe akiwa seli. Ni upasuaji ndio ulionyesha majeraha ya kichwa, shingo kukabwa na michubuko mwili mzima, vitu ambavyo mtu hawezi kujifanyia. Bila ile ripoti tungekuwa bado tunaambiwa habari ya ukuta.

Kibokoni_Mkongwe
Assalaam aleikum. Nyie wa bara mwasema utekaji ulianza 2024. Sisi hapa Mombasa twaujua zamani. Sheikh Aboud Rogo, mhubiri wa hapa, aliuawa ndani ya gari Agosti 2012 na mkewe yumo humo humo, Sheikh Makaburi naye aliuawa Aprili 2014, na baina yao na baada yao vijana wangapi wametolewa majumbani hadi leo hawajaonekana, na Nairobi ilikuwa kimya, ukisema waambiwa huyo alikuwa gaidi. Sisemi kwa kuwalaumu. Ah, nasema kidogo kwa kuwalaumu.

Kisa changu ni cha mtoto wa dadangu. Alichukuliwa baada ya maghribi mlangoni kwao, wanaume wanne, gari jeupe, hakuna aliyevaa sare. Jirani alikuwa dirishani ajipaka wanja aenda harusini, akaandika namba ya gari kwenye kiganja kwa ule wanja, msichana ana akili yule mashallah. Tulipokuja kuifuatilia ile namba ni ya lori. Tukavunjika moyo, twaona imetupotea bure. Kumbe baadaye familia nyengine, mtaa mwengine kabisa, nao wana namba ile ile na gari jeupe. Sasa ikawa si kisa kimoja cha kijana "aliyetoroka na wenzake", ni gari moja lazunguka na namba ya uongo.

Twende kituoni, hayupo. Cha pili hayupo, cha tatu watwambia rudini cha kwanza. Kijana mmoja wa msaada wa sheria akatufunza jambo, kila mahali mnaponyimwa andikeni hapo hapo nje kabla hamjapanda tuktuk, saa, jina lililo kifuani mwa askari, na maneno aliyosema kama alivyoyasema. Dadangu hakusoma sana, alikuwa asema mimi naandika. Wakili alipokwenda mahakamani kuomba aletwe akiwa hai ama maiti, kile kidaftari ndicho kilichokuwa kiapo chetu, kurasa kwa kurasa. Haikufika hukumu. Kijana aliachwa barabarani usiku, hana viatu. Hayazungumzi, nasi hatumuulizi.

wakili_mchovu
Mzee wangu hiyo ya kuandika "tulinyimwa" nitaiiba niwafunze wateja. Katiba ibara ya 49 inasema mtu afikishwe kortini ndani ya saa 24, lakini hizo saa zinaanza kuhesabiwa lini kama kila kituo kinasema hakimjui? Kisheria ni tangu alipokamatwa, na kinachoonyesha ni lini ni kile mlichoandika nyinyi. Na wakikataa kukupa namba ya OB, tuma malalamiko kwa IPOA, ile mamlaka ya kusimamia polisi, siku hiyo hiyo hata kwa meseji, hiyo saa ya kutuma inabaki kama ushahidi.

Tripodi_Kayole
Mimi ni mtu wa kamera, harusi na matanga, maandamano nilijikuta tu. Nitasema ya video.

Kwanza usipige kelele ukirekodi. Nina video nzuri sana ya Juni 2024, askari anaonekana, bunduki inaonekana, na sauti yote ni mimi nikisema "ghai ghai ghai" mpaka mlio wa risasi umezikwa. Pili, anza na kitu ambacho hakihami, kibao cha duka, jina la jengo, mnara, ndio ushuke kwa watu, mtu aliye mbali ajue ni wapi bila kukuuliza. Tatu, faili ya kwanza usiiguse. Ukiituma kwa WhatsApp inabanwa na inapoteza ile taarifa ya ndani ya saa na mahali, kwa hivyo ya kwanza inabaki vile ilivyo, mahali pawili tofauti, unazungusha kopi.

25 Juni 2025 stesheni za TV ziliambiwa ziache kuonyesha laivu, zingine zikazimwa kabisa, so macho yaliyobaki ni simu zetu. Na ile ya wiki moja kabla, Boniface Kariuki, muuza barakoa aliyepigwa risasi ya kichwa karibu hivi, kama hakungekuwa na kamera pale nani angeamini? Askari alishtakiwa kwa mauaji kwa sababu nchi nzima ilikuwa imeona. Kwa hivyo wale wanasema video haisaidii, wacheni.

Mama_Wawili
Inasaidia wengine. Ndugu yangu video ndio ilimchoma. Hakutupa hata jiwe, alikuwa amemshika mwenzake aliyeumia, sura yake iko wazi kabisa, mtu akaweka kwa TikTok na muziki wa huzuni juu. Wakamfuata nyumbani usiku wakiwa na skrinishoti yake kwa simu. Aliyeposti alipata mashabiki, sisi tukapata kuzunguka kortini na dhamana tumekopa kwa chama. Nyinyi mnaongea ushahidi ushahidi, na mtu aliye ndani ya ushahidi hamkumuuliza.

Tripodi_Kayole
Pole sana mama. Sina jibu la kukutuliza. Mimi siku hizi naziba nyuso zote kabla ya kuposti chochote, na ile isiyozibwa inaenda kwa wakili peke yake. Ila najua ile Juni ya kwanza hakuna aliyekuwa anaziba, kila mtu alikuwa anataka dunia ione.

Mama_Wawili
Sawa. Waambie na wenzako.

Mhasibu_wa_Vikoba
Majirani habari zenu, naomba kuchangia kutoka Dar maana nyie angalau mna sehemu ya kuuliza. Huku X ilishafungwa tangu Mei 2025, Septemba JamiiForums, jukwaa letu la mtandaoni, ikasimamishwa siku 90, halafu 29 Oktoba siku ya uchaguzi intaneti ikakatwa nchi nzima na jiji likawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Mambo ya faili halisi na kopi unayosema kaka ni mazuri ila sisi tulikuwa tunaogopa simu yenyewe. Watu walikuwa wanasimamishwa simu zinapekuliwa, na neti iliporudi Novemba zikaja meseji za kuonya kuhusu kusambaza picha za kuleta taharuki. Mume wangu alifuta kila kitu, na siwezi kumsema.

Mimi natunza hesabu za kikoba chetu. Basi niliandika mle mle kwenye daftari la kikoba, katikati ya hisa na marejesho. "Mama J. kapungukiwa 1, 30/10." Ukisoma unaona mtu kadaiwa hisa moja, ila maana yake mwanae wa kiume hajarudi. "Fundi kalipa nusu" ni yule aliyepigwa mguu. Mtaa wangu tu, sijaandika nisichokijua, na kila jina nimelisikia kwa mwenye nyumba mwenyewe, sio kwa jirani wa jirani.

Huku tuna lile neno "watu wasiojulikana", tumelizoea mpaka linatajwa kwenye taarifa ya habari kama ni kampuni. Azory Gwanda mwandishi alitoweka Kibiti Novemba 2017 hadi leo hakuna jibu. Ali Kibao wa chama cha upinzani CHADEMA, Septemba 2024 alishushwa kwenye basi mbele ya abiria, mwili ukaja kupatikana Ununio. Basi lile lilikuwa na watu wangapi? Huwa najiuliza kama kuna hata mmoja aliandika pembeni, hata nyuma ya tiketi, waliomshusha walikuwa wangapi na walisema nini.

Kibokoni_Mkongwe
Bi Mhasibu, Mungu akuhifadhi. Daftari hilo liweke na mtu mwengine asiyekaa nyumba yako.

Mhasibu_wa_Vikoba
Limeshahama babu.

Brayo_Minnesota
Mimi niko mbali, sikutoa jasho lolote zaidi ya kukaa kwa kompyuta usiku nikisafisha orodha. Na msidharau hii kazi. Mtu mmoja alikuwa ameandikwa mara tatu, jina la kitambulisho, jina la mtaani, na jina la baba yake, kwa hivyo alikuwa amepotea mara tatu. Mwingine alikuwa amesharudi nyumbani lakini hakuna aliyesema. Hao wawili tu wakipatikana na serikali utasikia "orodha yote ni feki". Desemba 2024 KNCHR ilipotaja 82 waliotekwa tangu Juni na 29 ambao walikuwa bado hawajaonekana, nilijua pale nyuma kuna mtu amekesha akipiga simu moja moja kuuliza "amerudi? hajarudi?"

wakili_mchovu
Na ukiwa na video ama picha unataka iende kortini, aliyeirekodi lazima atoe cheti cha ushahidi wa kielektroniki, kifaa gani, lini, ilihamishwaje. Hapo ndipo nyingi hufia. Kila mtu anataka kusambaza, kusaini hataki.

Kijana_wa_Kangemi
Samahani naingilia, nina swali. Mimi nilipigwa risasi ya mpira mguuni kwa maandamano ya Saba Saba, 7 Julai 2025, nikatibiwa lakini sikuripoti, niliogopa kuingia kituoni na bandeji waniulize nilikuwa wapi. Sasa naskia mambo ya fidia ya waliojeruhiwa kwa maandamano, sijui jopo limeundwa Agosti, sijui korti imesimamisha. P3, ile fomu ya polisi daktari anajaza majeraha, sina, OB sina. Nimechelewa ama? Kadi ya hospitali iko lakini ililowa, maandishi ya dokta yanasomeka nusu.

Nesi_wa_Zamu
Namba ya mgonjwa pale juu inasomeka?

Kijana_wa_Kangemi
Hiyo iko sawa.

Nesi_wa_Zamu
Basi hujaharibikiwa. Piga hiyo kadi picha leo, mbele na nyuma, kwa mwanga wa dirisha. Nenda idara ya rekodi uombe nakala ya faili kwa kutumia hiyo namba, daktari anayejaza P3 baadaye anategemea maelezo ya siku ya kwanza, hawezi kukadiria kovu la sai peke yake.

wakili_mchovu
Ukishapata nakala andika taarifa yako mwenyewe kwa mkono, ulikuwa wapi, saa ngapi, nani alikuwa karibu, nani alikupeleka hospitali, na huyo aliyekupeleka naye aandike yake kivyake, msikae pamoja mkiandika. Kituoni usiende peke yako, nitumie ujumbe faragha tukupatie mtu wa kukusindikiza. Na P3 ni ya bure, mtu akikuambia ununue hapo kwa kaunta andika jina lake pia.