Mtoto wa malezi ya kambo na tishio la polisi: naomba ushauri kabla jirani hajafungua jalada

MamaUyole

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu kwa heshima. Mimi na mume wangu tunaishi Mbeya, na tunamlea kijana wa miaka 13 tuliyekabidhiwa na Ustawi wa Jamii kwa utaratibu wa malezi ya kambo. Kabla ya kuja kwetu alikaa kwa muda mrefu katika makao ya watoto, na kabla ya hapo alikuwa akizunguka soko la Mwanjelwa bila mtu wa kumuuliza amekula nini. Nyumbani ni msikivu, huchota maji bila kutumwa, na mwalimu wake wa darasa humsifu kwa hesabu.

Tatizo ni kwamba huchukua vitu. Mwanzoni vilikuwa vipande vya mkate na viberiti, ambavyo nilivikuta chini ya godoro lake. Juma lililopita alichukua simu ya jirani iliyokuwa ikichajiwa dukani. Simu tumeirudisha, ila kioo kimepata ufa. Jirani anasema atakwenda kituoni, na ameongeza neno lililoniuma sana, kwamba mtoto wa kuokotwa hafugiki. Mume wangu, ambaye anampenda kijana huyu kwa dhati, anaona ni afadhali alale mahabusu usiku mmoja ili aogope, kisha twende tukamtoe. Mimi moyo wangu unakataa, lakini sina hoja za kumjibu. Naomba ushauri wenu, hasa wa wale wanaoifahamu sheria na wale waliokwisha kulea watoto wa namna hii.

Mzee Kifimbo

Mama, pole. Hata hivyo naomba nisimame upande wa baba mwenye nyumba. Jirani naye ana haki yake, na simu siku hizi ndiyo benki ya mtu. Sisi tulipochukua hata embe la watu tulipelekwa kwa balozi wa nyumba kumi mbele ya kila mtu, na hatukurudia. Mkimfichia huyu kwa sababu ni wa kambo, mtakuwa mnamfundisha kwamba ana ruhusa ambayo watoto wengine hawana. Apelekwe, aonywe, arudi nyumbani.

WakiliMtaani

Mzee wangu, shikamoo. Balozi uliyepelekwa kwake na kituo cha polisi ni vitu viwili tofauti kabisa, na tofauti hiyo ndiyo jibu la swali la mama huyu. Kwa balozi jambo linaanza na kuisha kati ya watu wanaojuana. Kituoni, jalada likishafunguliwa, shauri linakuwa la Jamhuri. Jirani akipoa kesho na kutaka kulifuta, uamuzi wa kuliondoa uko kwa waendesha mashtaka, wala yeye hana tena nguvu ya kusema yamekwisha. Mpango wa "usiku mmoja kisha tumtoe" unadhani kwamba mlango huo una kitasa upande wa ndani.

Sasa sheria. Kanuni ya Adhabu haimhesabii kosa mtoto aliye chini ya miaka 10, na aliye chini ya miaka 12 hahesabiwi hadi ithibitishwe kwamba alikuwa na uwezo wa kujua kuwa hakupaswa kutenda alilotenda. Kijana wenu ana miaka 13, kwa hiyo anaweza kushtakiwa. Akishtakiwa, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kinga kadhaa: shauri lake husikilizwa katika Mahakama ya Watoto, faragha, mbele ya Hakimu Mkazi, Afisa Ustawi wa Jamii akiwapo, na kifungu cha 119 kinakataza mtoto kuhukumiwa kifungo. Lakini kutofungwa hakumaanishi kubaki nyumbani. Anaweza kuwekwa katika mahabusu ya watoto shauri likiendelea, na akitiwa hatiani anaweza kupelekwa shule ya maadilisho, ambayo kwa bahati mbaya au nzuri iko hukohuko Mbeya, Irambo.

Na hapa ndipo mtoto wa kambo anapoumia kuliko mwenzake. Mtoto mwenye mama, baba na wajomba akikamatwa, kabla ya jioni kituo kimejaa watu wanaotaka kumdhamini. Huyu wenu, ikiwa ninyi ndio mliompeleka, nani atasimama aseme "ni wangu, nitamleta siku ya shauri"? Afisa akiandika kwamba familia imeshindwa, mahakama itakuwa na sababu ya kumtafutia pa kwenda pengine.

Jambo moja ninalowaomba mlifanye hata kama jirani atapoa: je, mtoto ana cheti cha kuzaliwa? Watoto wengi waliopitia mtaani hawana. Kijana mrefu asiye na cheti huandikwa umri wa kukadiria, na akiandikwa miaka 18 anapoteza kinga zote nilizozitaja na kuwekwa pamoja na watu wazima. Fuatilieni RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi, kwa msaada wa Afisa Ustawi wenu, kisha nakala ya cheti na ya barua ya kukabidhiwa mtoto ziwe mahali ambapo mtazipata hata usiku wa manane.

Bibi wa Tukuyu

Mwanangu, nimestaafu kazi ya ustawi wa jamii, na nimesikitika kwamba wachangiaji wameipita ile habari ya mkate chini ya godoro. Mtoto aliyelala na njaa kwa miaka haamini kwamba kesho kutakuwa na chai, hata akiiona birika. Huweka akiba. Mpe kikapu chake mwenyewe chenye ndizi au viazi, umwambie ni chake na kisikaguliwe, na usishangae akikiacha kikioza, kwa kuwa anachotaka ni kujua kwamba kipo.

Simu ni jambo jingine, na hapo lazima alipe. Muulize kwanza aliichukua kwa ajili ya nini, maana anaweza kuwa na deni kwa vijana wa sokoni au kuna mtu anayemtuma. Hilo likiwapo, kumlaza mahabusu hakutaligusa hata kidogo. Kisha afanye kazi ya kulipia kioo, akiwa na baba yake pembeni, baba huyohuyo anayetaka aogope. Na tafadhali sana, katika nyumba hiyo lisitamkwe neno "tutakurudisha". Mtoto wa kambo akiambiwa hivyo huanza kuvunja vitu ili arudishwe mapema, amalize kungoja.

Mpigie Afisa Ustawi wako leo. Walezi wengi huwaficha maofisa makosa ya mtoto wakidhani watanyang'anywa, kisha ofisa anapata habari kutoka polisi, na hapo anakuwa mchunguzi badala ya kuwa msaidizi. Mkoani kwako umewahi kuwapo mpango wa kurekebisha tabia za watoto wakiwa ndani ya jamii, kama ule wa Temeke. Muulize kama una nafasi, kwani unahudumia pia watoto walio katika hatari ya kuingia kwenye makosa.

Mtanzania Leeds

Niko Uingereza, nafanya kazi katika nyumba ya kulelea watoto, na ningependa mume wa dada asome hili. Mwaka 2016 jopo lililoongozwa na Lord Laming lilionyesha kwamba watoto walio chini ya uangalizi wa serikali hawafiki asilimia 1 ya watoto wote wa England, lakini kati ya watoto waliokuwa kizuizini, takriban nusu waliwahi kupitia uangalizi huo. Sababu mojawapo ilikuwa wafanyakazi kuita polisi kwa kikombe kilichovunjwa au kibao walichozabana watoto wawili, mambo ambayo nyumbani kwa mtu huishia kwa kununiana. Mwaka 2018 serikali ilitoa mwongozo wa kitaifa wa kuzuia jambo hilo. Sisi kazini, kabla ya kuinua simu, hujiuliza kama mzazi mwenye busara angewaitia polisi watoto wake wa kuwazaa kwa kosa kama hilo.

MamaUyole

Nawashukuru nyote, na Bibi, shikamoo. Mume wangu amesoma, akanyamaza, kisha akauliza bei ya kioo. Afisa Ustawi atakuja kesho. Jirani amekubali tukutane mbele ya mwenyekiti wa mtaa, ila anataka kijana aandike na kusaini karatasi kwamba ameiba na hatarudia. Wakili, je, tukubali?

WakiliMtaani

Msikubali maneno hayo. Karatasi iseme kwamba simu imerudishwa tarehe fulani, kwamba familia italipa gharama ya kioo kiasi fulani, na kwamba mwenye simu ameridhika na hana dai jingine. Msaini ninyi walezi, jirani na mwenyekiti, pamoja na Afisa Ustawi akiwapo; mtoto asisaini chochote. Kuomba radhi aombe kwa mdomo wake, mkiwa mmesimama naye.