Nimetoka jela na madaftari manne, ila nikikaa kuandika nje sauti haiji. Waliopitia hili naomba mnisaidie

Daftari_la_Nne:
Habari zenu wakuu. Hili swali nimekaa nalo wiki kadhaa naogopa kuuliza, leo nimeona bora niliseme. Nilifungwa miaka 5, kosa nililifanya kweli, niliiba pesa za kazini nikiwa na miaka 26. Nimetoka mwaka jana. Sikuwahi kuwa mtu wa kuandika, shuleni insha zilinishinda kabisa, lakini ndani mkishafungiwa jioni mpaka asubuhi mje mhesabiwe usiku unakuwa mrefu mno, wengine wanacheza drafti kwa vizibo, wengine wanasali, mi nikaomba dada aniletee daftari.

Daftari la kwanza nikilisoma sasa naona ni utetezi mtupu. Bosi alinionea, mwenzangu ndo alinishawishi, mshahara ulikuwa unachelewa, yaani kila ukurasa ni kama bado niko kizimbani naongea na hakimu. La pili ni hasira tu. La tatu kuna siku niliandika sentensi moja, "nilichukua kwa sababu nilitaka watu wanione nina kitu", nikafunga daftari siku mbili sikulishika. Nilikuwa sijawahi kujiambia hivyo hata kimoyomoyo. Toka hapo mambo yakabadilika, nikaanza kuandika vitu vidogo vidogo, mzee mmoja alivyokuwa anakunja blanketi lake utadhani anamfunika mtoto, mlio wa funguo za kila askari maana inafika mahali unamjua mtu kwa funguo zake kabla hajatokea. Daftari la nne ndo nalipenda, nikilisoma najisikia mimi.

Sasa niko nje, meza ninayo, muda ninao, na nikiandika inatoka hotuba. Kila mtu ananiambia andika kitabu utawafundisha vijana, basi nikishika kalamu nafundisha, na nikisoma nilichoandika simjui huyo anayeongea. Je ile sauti ilikuwa ya jela nikaiacha kule? Na la pili, wale niliowaandika kwenye daftari bado wako ndani, nina haki gani ya kutoa habari zao?

Mwandika_Barua:
Pole mkuu na karibu uraiani. Mi nilikaa 7. Nikupe kisa kimoja labda kitakufaa.

Kule ndani wasiojua kuandika ni wengi kuliko watu wanavyodhani, nikawa mwandishi wa barua wa selo nzima. Mwanzoni nilikuwa nazipamba, naweka maneno makubwa, "kipenzi cha moyo wangu natumai waraka huu utakukuta bukheri wa afya", wenyewe wanafurahi. Akaja mzee mmoja, nikamwandikia ukurasa mzuri sana, nikamsomea. Akanyamaza. Halafu akaniambia, mwanangu hiyo siyo mimi, mke wangu akisomewa hiyo atajua nimekufa na kuna mtu anaandika kwa jina langu. Akaniambia andika ninavyosema. Akasema, "mwambie ile mbuzi, mwambie ile mbuzi asiiuze." Mara mbili. Nikataka kuandika mara moja akakataa, akasema mke wangu anajua nikitilia mkazo kitu nakirudia. Niliandika mara mbili.

Jibu lilipokuja yule mama alisema amemsikia mumewe kama yuko mlangoni. Hapo ndo nilianza kuelewa maana ya sauti, na ajabu ni kwamba baada ya kuandika za watu mia huko nikaanza kusikia na ya kwangu, nikajua mi huwa nazunguka kabla ya kusema jambo linaloniuma, na siku hizi nikijikuta nazunguka najua kuna kitu hapo.

Kwa hiyo nahisi hujaacha sauti kule, umebadilisha unayemwandikia. Ndani ulikuwa unajiandikia mwenyewe, nje unawaandikia "vijana", na hao vijana huna hata mmoja unayemjua sura. Chagua mtu mmoja umwandikie kama barua, hata ukiamua usiitume. Na usome kwa sauti, ulimi utakwama pale ulipodanganya.

Msomaji_wa_Usiku:
Mwandika_Barua umesema kitu kikubwa sana. Mi sijafungwa ila nimesoma mengi ya waliofungwa na hilo la unamwandikia nani linajirudia kila mahali.

Chukua mshairi Abdilatif Abdalla, alifungwa Kenya kwa kijikaratasi cha kuikosoa serikali, akatoka 1972, mashairi aliyoyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni yakachapwa 1973 kama Sauti ya Dhiki. Hakuwa na mhariri wala msomaji, ila ukisoma unaona anahojiana na watu, na moyo wake pia anauhoji. Au Ngũgĩ wa Thiong'o, aliwekwa kizuizini mwisho wa 1977, tayari ana jina kwa riwaya za Kiingereza, na huko jela ya Kamiti ndo akaandika riwaya nzima kwa Kikuyu, nayo kwenye karatasi za chooni. Pale alipobadilisha lugha alibadilisha na msomaji. Mwandishi Nawal El Saadawi, alifungwa Misri 1981, aliandika kwa penseli ya kupakia nyusi aliyopewa na mfungwa mwenzake. Pramoedya Ananta Toer, mwandishi wa Indonesia aliyefungwa huko kisiwa cha Buru, alinyimwa karatasi miaka na miaka, hadithi zake akawasimulia wafungwa wenzake kwa mdomo kwanza, nadhani ndo maana ukizisoma unasikia mtu anasimulia.

Lakini hao wote walifungwa kwa siasa, walijua hawana kosa. Wewe ndugu kazi yako ni ngumu zaidi, kwa sababu lazima uandike na kosa liko mezani. Anayekukaribia ni Malcolm X, yule mwanaharakati wa Marekani, aliingia jela 1946 kwa wizi wa majumbani. Mwenyewe anaeleza kwamba ni barua zilizomuumbua, alitaka kuandika yaliyo kichwani akakosa maneno, mtaani alikuwa msemaji hodari lakini kwenye karatasi hana kitu, akaanza kunakili kamusi kwa mkono ukurasa kwa ukurasa. Nikisoma ile sentensi yako ya daftari la tatu naona ndo kamusi yako. Ukikwama anzia hapo.

Sina_Shukrani:
Samahani wadau mi naleta upande mwingine. Kila mtu akiona mfungwa ameandika anasema jela imemsaidia kujijua. Jela haikunipa mimi kitu. Ilininyima mazishi ya baba yangu, mwanangu alijifunza kuongea sipo. Madaftari yangu yalichukuliwa kwenye upekuzi yakatupwa, miaka miwili ya maandishi, mpaka leo kuna ukurasa mmoja najaribu kuukumbuka haurudi. Kama nimejijua ni mimi nilijichimba usiku na wenzangu wakanisaidia, kuta hazikufanya kazi hiyo. Kwa hiyo mkuu usiseme sauti ni ya jela, usiipe jela sifa ambayo si yake. Na kama unaogopa nje huna maumivu ya kutosha kuandika, hilo wazo liache kabisa, litakurudisha pabaya.

DadaMkubwa:
Nimelia kusoma hapa. Kaka yangu yuko ndani mwaka wa nne. Barua zake za mwanzo zilikuwa "msijali niko salama" basi, nilikuwa nazisoma najua ananificha. Mwaka jana akaandika kwamba usiku anaota anachelewa shule na mimi nimemsubiri njiani kama zamani. Ni mistari mitatu tu, nimezunguka nayo kwenye pochi mpaka imechanika.

Kuhusu swali lako la pili, kaka, mi nadhani za wenzako si zako mpaka wakuruhusu. Mtu anakwambia mambo saa nane za usiku gizani kwa sababu anaamini yataishia hapo. Anayefikika muulize. Asiyefikika, kubadilisha jina peke yake hakutoshi, maana mke wake atamjua kwa kosa na kwa kijiji, badilisha na hayo au liache. Nisamehe kwa hili pia, kwenye maelezo yako yote sijamwona uliyemwibia. Sisemi kwa ubaya, nakuuliza tu yuko daftari la ngapi.

Daftari_la_Nne:
Nimerudi. Nimechelewa kujibu kwa sababu DadaMkubwa umeniuliza swali nikaenda kufungua madaftari yote manne usiku huohuo. Hayupo. Kwenye la kwanza yupo kama bosi aliyenionea, halafu baada ya hapo hayupo tena, kurasa zote zile. Nimeandika funguo za maaskari, nimeandika blanketi la mzee, yeye sikumwandika, na lile duka lilifungwa miezi michache baada ya mimi kukamatwa, hilo nalijua.

Sina_Shukrani pole sana kwa baba na kwa madaftari, na nimekuelewa, sitasema tena sauti ya jela.

Jana nimefanya alivyosema Mwandika_Barua, nikaweka jina la mtu mmoja juu ya karatasi, la huyo bosi. Sijui kama nitaituma, na sitaki aone namtafutia msamaha kwa nguvu. Nimekaa toka saa mbili mpaka saa sita usiku nimepata mistari minne, nikaisoma kwa sauti, wa tatu ulimi ukakwama nikaufuta. Imebaki mitatu. Wa kwanza unasema, "Wewe ndo ulinifundisha kufunga hesabu za jioni."