Pizza imelowa katikati: haijaiva au ndivyo ilivyo?

Mla_Margherita
Wakuu, habari. Hapa Dar kuna maduka mawili ya pizza ambayo bei zake zinakaribiana. La kwanza lina tanuri la kuni: pizza inatoka chini ya dakika mbili, ukingo umevimba na una madoa meusi, ila katikati imelowa na ukiinua kipande ncha inalala. La pili lina oveni ya gesi: inakaa kama dakika saba, inatoka kavu, na kipande kinashikika kwa mkono mmoja. Mezani watu wamegawanyika, nusu wanasema ile ya kuni ni mbichi. Ni mbichi kweli? Na nikitaka kuyapima haya maduka kwa haki, niagize nini?

Tanuri485
Mkuu, ya kwanza ni mtindo wa Napoli. Chama kinachoulinda, Associazione Verace Pizza Napoletana cha mwaka 1984, kinataka pizza iive kwa sekunde 60 hadi 90 kwenye tanuri la karibu nyuzi 485. Kwa muda huo maji ya nyanya na jibini hayawahi kukauka, kwa hiyo katikati huwa laini. Wenyewe huila kwa kisu na uma, au huikunja mara mbili iwe robo. Ya pili ina asili ya New York: joto la chini zaidi, mafuta kidogo ndani ya unga, jibini ya mozzarella kavu ya kukwangua.

Ila ulaini si kisingizio cha ubichi. Kata kipande ukitazame ubavuni. Maji yakiwa juu ya mkate na mkate wenyewe una matundu, imeiva. Ukiona chini ya sosi kuna utando mweupe unaonata kwenye meno, hiyo ni mbichi hata kama ukingo umeungua. Kisha igeuze: chini kunatakiwa madoadoa kama ya chui. Kukiwa kweupe kote, sakafu ya tanuri ilikuwa imepoa. Hilo hutokea sana Ijumaa usiku oda zikifuatana, kwa sababu kila pizza hunyonya joto la matofali na mpishi hasubiri yarudi. Sababu nyingine ni donge la unga kutoka friji moja kwa moja (linahitaji kukaa nje saa mbili hivi), au sosi kumwagwa bila kipimo. Gramu 60 hadi 80 zinatosha pizza ya sentimita 30.

Kupima: agiza Margherita (nyanya, mozzarella na majani ya rehani tu) kote kuwili, na uile palepale dukani. Kuku wa BBQ anaficha unga mbovu.

Chini_Ikauke
Nakubaliana na vipimo, lakini ladha ni ya mlaji. Binafsi nataka inayokatika kwa meno, na mtu asinifundishe kula pizza kwa uma. Halafu wengi hapa mjini tunaletewa na bodaboda. Pizza ya Napoli ikikaa kwenye boksi dakika kumi, mvuke wote unarudi kwenye mkate, unapata kitu cha kutafuna kama mpira. Ya gesi inahimili safari. Ikishalegea, usiitie maikrowevu: kikaango kikavu, moto mdogo, dakika mbili bila kifuniko, kisha funika nusu dakika jibini iyeyuke.

Mla_Margherita
Nimewaelewa. Na ya nyumbani kwa oveni ya umeme inayoishia nyuzi 250, niige ipi?

Tanuri485
Iga ya gesi. Napoli kwa nyuzi 250 inakauka kabla haijapata rangi. Unga gramu 500, maji mililita 310, chumvi gramu 10, hamira kavu gramu 2, mafuta kijiko kimoja cha chakula, sukari kijiko cha chai (ndiyo inayosaidia rangi kwenye joto dogo). Kanda, acha friji saa 24, gawa madonge mawili. Tazama pakiti: unga wenye protini chini ya asilimia 10 unafaa keki, hapa utachanika ukiuvuta. Pasha sinia zito la chuma, limegeuzwa juu chini, kwa dakika 45 kabla ya kuweka pizza. Nyanya fresh za sokoni zipike kwanza zipungue nusu. Usisukume kwa kifimbo cha chapati, utatoa hewa yote. Vuta kwa vidole kuanzia katikati, ukingo usiuguse.

Yakhe_wa_Forodhani
Mnasahau ya kwetu. Ile inayouzwa Forodhani kwa jina la Zanzibar pizza ni jamaa wa mantabali (chapati nyembamba ya kukunja yenye nyama na mayai ndani), haina hamira wala tanuri. Donge linalazwa kwenye mafuta, linavutwa hadi liangaze, katikati kinawekwa kipande kidogo cha unga ili lisitoboke. Juu nyama ya kusaga, kitunguu, hoho, yai, mayonezi na chizi. Zinakunjwa pande nne na kukaangwa kwenye chuma. Kosa kubwa ni moto mkali: nje inakuwa kahawia, ndani yai bado linateleza. Mwambie muuzaji apunguze makaa na aigeuze mara mbili, na nyama iwe imeshapikwa kabla. Hiyo msiilinganishe na Margherita, ilinganisheni na ya muuzaji wa meza ya pili.

Chini_Ikauke
Na ya ndizi na chokoleti iwe ya mwisho, chuma kikishafutwa. La sivyo inanuka kitunguu.