ESP32 na Uno kwa I2C: baiti ya kwanza ni sahihi, zinazofuata takataka, kisha basi linaganda

kebo_bapa
Wakuu, naombeni msaada. Nimeunganisha bodi mbili kwa I2C, basi (njia ya pamoja) la laini mbili za kupitishia data: ESP32 ndiyo kiongozi anayeomba data, Arduino Uno ni mfuasi anayejibu kwenye anwani 0x08. GPIO 21 imeingia A4, GPIO 22 imeingia A5, GND zimeungana, kebo bapa ya sentimita 60, kasi 100 kHz. Sijaongeza rezista yoyote. Pande zote mbili zina muundo huu:

`struct Pima { uint8_t hali; float joto; int mzunguko; };`

Uno inatuma `Wire.write((byte*)&p, sizeof(p))` ndani ya onRequest (kazi inayoitwa kiongozi akiomba data), ESP32 inaomba `requestFrom(0x08, sizeof(Pima))` na kunakili baiti zote kwenye muundo wake. "hali" inafika sawasawa. "joto" linachapishwa kama "ovf". "mzunguko" ni -1 muda wote. Halafu nikibonyeza kitufe cha kuanzisha upya ESP32, mara nyingine mawasiliano yanakufa mpaka nichomoe umeme wa Uno. Mita inasoma 3.9 V kwenye SDA (laini ya data, 21 na A4) na SCL (laini ya saa, 22 na A5) basi likiwa limetulia. Waya na bodi nimeshabadilisha, tatizo ni lile lile.

biti_saba
Hapo una matatizo matatu yaliyokaa pamoja. Nianze na la takataka, maana hilo halihusiani na waya hata kidogo.

Chapisha `sizeof(Pima)` kila upande. Uno itakupa 7: baiti 1 ya hali, 4 za joto, 2 za int. ESP32 itakupa 12, kwa sababu int yake ni baiti 4, na kompaila inaacha nafasi tupu ya baiti 3 baada ya hali ili float ianzie kwenye anwani inayogawanyika kwa 4. Kwa hiyo unaomba baiti 12 kwa mfuasi mwenye 7. Kwenye I2C mfuasi hana njia ya kusema "zimeisha". Anaachia SDA tu, rezista zinaivuta juu, na kiongozi anasoma 0xFF mpaka hesabu yake itimie. Baiti 4 za mwisho zikiwa 0xFF zote, int inasomeka -1. Joto nalo limeokota baiti ya mwisho ya float, mbili za mzunguko na 0xFF moja. Hiyo ni namba hasi kubwa mno, ndiyo maana print inakuandikia ovf, yaani imezidi kikomo.

Dawa, pande zote mbili (packed inaondoa nafasi tupu, int16_t ni baiti 2 kila mahali):

```
struct __attribute__((packed)) Pima {
  uint8_t hali;
  float   joto;
  int16_t mzunguko;
};
static_assert(sizeof(Pima) == 7, "ukubwa haulingani");
```

Usitumie double pia: kwenye Uno ni baiti 4, kwenye ESP32 ni 8. Mpangilio wa baiti usikusumbue, chipu zote mbili zinatanguliza baiti ndogo.

ohmu_moja
Hiyo 3.9 V ndiyo inayonitia wasiwasi. Kwenye Uno, Wire.begin (amri ya kuwasha I2C) inawasha rezista za ndani za kuvuta juu (20 hadi 50 kΩ) kwenda 5 V. ESP32 nayo inawasha zake, takriban 45 kΩ, kwenda 3.3 V. Laini inavutwa huku na huku, na pini za ESP32 hazikutengenezwa kubeba zaidi ya volti zake za 3.3. Inaweza kufanya kazi muda mrefu, lakini mimi nisingeiacha hivyo.

Isitoshe, rezista hizo ni dhaifu. Zikiwa sambamba ni kama 20 kΩ. Muda wa laini kupanda ni takriban 0.85 × R × C. Tuseme kebo, pini na bredibodi vina 100 pF: hiyo ni 1700 ns, wakati kikomo cha 100 kHz ni 1000 ns.

Weka kibadilisha volti cha BSS138 (moduli ya transista) katikati: LV, pini ya volti ndogo, kwenye 3.3 V, HV, ya volti kubwa, kwenye 5 V, GND ya pamoja. Moduli nyingi zina 10 kΩ kila upande, ambayo kwa 100 pF inatoa 850 ns. Inapita kwa shida. Ongeza 4.7 kΩ kutoka SDA na kutoka SCL, kwenda 3.3 V upande wa ESP32 na kwenda 5 V upande wa Uno, utashuka hadi karibu 270 ns.

Kuna watakaokuambia uzime rezista za Uno kwa `digitalWrite(A4, LOW)` na `digitalWrite(A5, LOW)` baada ya Wire.begin, kisha uvute kwa 4.7 kΩ kwenda 3.3 V. ESP32 itakuwa salama, ila ATmega328P ikiwa kwenye 5 V inataka angalau 3.5 V kuhesabu 1 kwenye pini za I2C. Unabaki bila akiba yoyote.

Kwenye hiyo kebo bapa, pitisha GND katikati ya SDA na SCL.

kebo_bapa
Asanteni sana. Data sasa ni safi, na laini zinasoma 3.3 V na 5.0 V. Kuganda bado kupo: SDA inabaki 0 V pande zote, SCL iko juu.

biti_saba
Basi Uno ndiyo imeishikilia SDA. Umeanzisha upya ESP32 katikati ya kusoma, Uno ilikuwa inatoa biti ya 0, na inasubiri mapigo ya SCL ambayo hayaji. Mpe mapigo hayo kabla ya Wire.begin kwenye ESP32:

```
pinMode(21, INPUT_PULLUP);
pinMode(22, OUTPUT_OPEN_DRAIN);
for (int i = 0; i < 9; i++) {
  digitalWrite(22, LOW);  delayMicroseconds(5);
  digitalWrite(22, HIGH); delayMicroseconds(5);
}
```

Toa yote 9. Ukisimama mara tu SDA inapopanda, huenda ulichokiona ni biti ya data yenye 1. Katika mapigo 9 lazima moja liangukie nafasi ya kukiri (ACK), biti ya tisa ambapo msomaji huonyesha kuwa amepokea baiti. Uno ikikuta SDA iko juu hapo, inaacha kutuma. Malizia kwa alama ya STOP, ya kufunga mawasiliano: shusha SCL, shusha SDA, pandisha SCL, kisha achia SDA.

ohmu_moja
Nyongeza kwa upande wa Uno: onRequest inaendeshwa ndani ya intarapti (inakatiza programu kuu ghafla), kwa hiyo usiweke Serial.print wala delay humo. Na float inaandikwa baiti moja moja kwenye chipu ya biti 8, hivyo ombi likiingia katikati utatuma nusu ya thamani mpya na nusu ya zamani. Kwenye loop, jaza nakala pembeni kwanza, kisha `noInterrupts(); p = nakala; interrupts();`. Dalili yake ni joto linaloruka ghafla mara moja moja halafu linarudi.