Tupeane uzoefu: siku kijiji kilipokufundisha udaktari

Mwana Newala (mleta mada): Jana nimewaona wanafunzi wa udaktari stendi ya Newala, madodoso mikononi, nikakumbuka nilivyoletwa huku nikiwa mwaka wa tatu. Tulitumwa kuwahimiza akina mama wawanawishe watoto nyuso ili kuzuia trakoma, ugonjwa wa macho unaoweza kupofusha, nami nilihubiri kwa kujiamini mpaka mama mmoja akafunua ndoo yake, ambayo maji yalikuwa chini ya nusu na jani la mwembe likielea juu, akaniuliza: "Mwanangu, haya ni ya leo mpaka kesho, ninawishe uso au nipike uji?" Dodoso lilikuwa na kisanduku cha "hajui umuhimu wa usafi". Waliopitia haya, karibuni.

Mkorosho: Umenena. Juu ya uwanda wa Makonde maji ya mvua huhifadhiwa kama fedha.

Tabibu Mstaafu: Rudolf Virchow, daktari Mjerumani, alitumwa Silesia ya Juu, jimbo la Prussia wakati huo, mwaka 1848 kuchunguza tifasi, akarudi akiwaeleza wakubwa kwamba tiba ni elimu, uhuru na ustawi. Ndoo hiyo angeielewa.

Mbishi wa Masasi: Homa ya matumbo inatibiwa kwa uhuru?

Tabibu Mstaafu: Tifasi si homa ya matumbo, ndugu yangu; tifasi huenezwa na chawa. Soma kwanza.

Binti Liwale: Mimi yangu ni ya masika. Usiku aliletwa mzazi kwa baiskeli kutoka shambani, amejifungulia njiani na kondo la nyuma limegoma kutoka. Msimamizi aliniamuru nimuulize kwa nini amechelewa, nami nikauliza kwa sauti, kama karani. Mzazi alinyamaza. Mama mkwe wake ndiye aliyejibu, akinionyesha fundo la kanga: tangu jioni alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kukopa fedha za glavu na pamba, kwa kuwa jirani yao aliwahi kutukanwa palepale kwa kuja mikono mitupu. Sikulala.

Mbishi wa Masasi: Sera inasema huduma ya uzazi ni bure.

Binti Liwale: Sera haikuwepo zamu usiku ule.

Mkorosho: Mzazi alipona?

Binti Liwale: Alipona. Mtaalamu wa maabara alimtolea damu yake mwenyewe.

Mama Ruangwa: Turudi kwenye mafunzo. Wanafunzi wavue makoti meupe, waamkie wazee, wakae mkekani, wasikilize kabla ya kufungua karatasi.

Kijana wa Kilwa: Wasivue hata kidogo. Bibi yangu alimfukuza mmoja asiye na koti, akidhani ni karani wa chama cha msingi cha ushirika aliyekuja kukagua korosho.

Mkorosho: Mleta mada, dodoso ulilijazaje?

Mwana Newala: Nilichora kisanduku kipya pembeni, nikaandika "ndoo haikufika nusu". Msimamizi alikikata kwa kalamu nyekundu.