Naomba vitabu vya kufuatilia ukoo wa mume wangu wa Maryland: babu yao alitoroka utumwani mwaka 1857

Mkwe wa Ng'ambo

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi ni Mtanzania niliyeolewa Marekani, katika familia ya Wamarekani weusi ambao asili yao ni Maryland. Kila baada ya miaka michache ukoo mzima hukusanyika wakati wa kiangazi, na safari hii mama mkwe, ambaye umri umemwendea, amenikabidhi kazi ya kuandaa kitabu kidogo cha nasaba kitakachogawiwa siku hiyo. Fahari ya ukoo huu ni babu mmoja ambaye, kwa masimulizi ya nyumbani, alitoroka utumwani mwaka 1857, akapitia Philadelphia, akaishi Canada mpaka Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vilipokwisha, kisha akarudi kwao.

Ninachoomba ni majina ya vitabu tu. Kile cha William Still, chenye kumbukumbu za watoro aliowapokea Philadelphia, ninacho, na humo nimemwona mtu anayelingana na babu huyu kwa jina la kwanza, kwa umri na kwa kaunti aliyotoka. Nataka vitabu vingine vitakavyounga mkono hilo. Muda umenibana na usingizi umenipungua, hivyo nawasihi msinizungushe.

Msomaji wa Usiku

Dada, anza na simulizi ya Frederick Douglass ya mwaka 1845. Naye alizaliwa Maryland, Kaunti ya Talbot, kwa jina la Bailey, na alipotoroka mwaka 1838 alijiita Johnson kabla ya kutulia na jina la Douglass kule New Bedford. Ukimaliza hicho, msome William Craft, aliyeeleza jinsi mkewe Ellen alivyojifanya bwana wa kizungu mgonjwa, naye akajifanya mtumishi wake, wakasafiri kwa treni na meli kutoka Georgia mpaka Philadelphia mwezi Desemba 1848. Nilikisoma kitabu hicho usiku mmoja bila kulala, na asubuhi nilichelewa kazini.

Mwana wa Kisauni

Umenikumbusha mambo ya kwetu Mombasa. Bibi mzaa bibi yangu alilelewa Frere Town, makazi ambayo wamisionari waliyaanzisha mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Nilipotaka kujua alikotoka, wazee walinambia ni mtu wa bara tu, wakabadilisha mazungumzo. Katika kitabu cha ubatizo nilikuta jina la Kizungu na mwaka, basi. Kwa hiyo mshukuru Mungu kwamba wakweo wanamtaja babu yao hadharani tena kwa fahari, kwa sababu kwetu ukiuliza sana utaonekana unatafuta kumvunjia mtu heshima.

Karani wa Nyaraka

Dada Mkwe, vitabu vipo, lakini hakuna kitakachokusaidia kabla hujajibu jambo moja. William Still hakuandika hadithi za kufurahisha wasomaji. Alikuwa mwenyekiti wa kamati tendaji iliyowapokea watoro Philadelphia, na aliwahoji mmoja mmoja: jina la zamani, jina jipya, alikotoka, bwana wake ni nani, amewaacha nani nyuma. Alizificha kumbukumbu hizo kwa sababu sheria ya mwaka 1850 ilikuwa kali kwa mtoro na kwa aliyemsaidia, akazichapisha mwaka 1872 hatari ilipokwisha. Sababu yake mojawapo ilikuwa ya nyumbani kabisa, kwani mwaka 1850 alimhoji mgeni aliyeletwa ofisini kwake, na kadiri alivyosikiliza akatambua kwamba mgeni huyo ni Peter, kaka yake wa tumbo moja aliyeachwa utumwani kabla yeye hajazaliwa. Kitabu chake kina uzito katika nasaba kwa sababu kiliandikwa ili ndugu waweze kutafutana.

Basi nakuuliza: jina la mmiliki lililotajwa na Still kwa huyo mtu wako ni lile lile ambalo familia inalijua? Tena ni kaunti gani?

Shangazi Mkubwa

Mimi nitasema ambalo wengine wanalionea haya. Ukoo wa mume una wenyewe. Mkwe akipewa sufuria apike, asianze kuchunguza sufuria ilinunuliwa wapi. Andika alivyosema mama mkwe wako, kula pilau na watu, rudi nyumbani kwako. Waliokufa hawakukutuma.

Mkwe wa Ng'ambo

Shangazi, shikamoo. Aliyenituma ni mama mkwe mwenyewe, sikujipeleka.

Kaka Karani, kaunti ni Prince George's. Jina la mmiliki halifanani, lakini sioni kwamba hilo ni tatizo kubwa, kwa sababu watumwa walikuwa wakiuzwa, wakikodishwa na kurithishwa, na huenda huyo wa kwa Still ndiye aliyekuwa naye wakati ule. Jina la ukoo nalo halifanani, lakini Msomaji wa Usiku amekwisha kusema kwamba watoro walibadilisha majina.

Karani wa Nyaraka

Kwa hiyo ulichonacho ni jina la kwanza lililokuwa la kawaida mno, umri wa kukadiria, na kaunti iliyokuwa miongoni mwa zile zenye watumwa wengi zaidi Maryland. Mmiliki hayumo na jina la ukoo halimo. Kwa ushahidi huo hata mimi ninaweza kuwa babu yao.

Mwalimu Mstaafu

Naomba kuuliza jambo la kawaida tu. Sensa ya mwaka 1870 ndiyo ya kwanza kuwataja kwa majina watu wote waliotoka utumwani, na ndiyo ukuta ambao watafiti wengi wa nasaba za Wamarekani weusi huugonga. Umemkuta babu humo? Ana watoto wa umri gani, na wamezaliwa wapi?

Mkwe wa Ng'ambo

Nimemkuta, yuko Prince George's na mkewe. Wapo watoto wa miaka tisa na saba, wote wameandikwa kuzaliwa Maryland. Najua mnakoelekea. Lakini sensa ile haisemi nani ni mtoto wa nani, maana uhusiano wa watu ndani ya nyumba ulianza kuandikwa mwaka 1880. Wanaweza kuwa watoto wa mkewe, au yatima aliowachukua.

Mwalimu Mstaafu

Wanaweza. Ila mtu aliyekuwa Canada tangu 1857 ana kazi ya kutueleza watoto waliozaliwa Maryland takriban mwaka 1861 na 1863.

Karani wa Nyaraka

Dada, naona unajibu kwa ustadi wa mtu aliyekwishajibizana na nafsi yake. Kuna waraka mwingine unao ambao hujautaja. Utaje.

Mkwe wa Ng'ambo

Sawa. Maryland ilifuta utumwa kwa katiba mpya tarehe 1 Novemba 1864, na mwaka 1867 jimbo likaagiza waliokuwa wamiliki waandikishe watu waliokuwa nao siku hiyo, kwa matumaini kwamba Serikali Kuu ingewalipa fidia. Orodha ya kaunti yetu ipo. Chini ya mmiliki ambaye familia inamjua kuna jina la babu, la kwanza na la ukoo, umri miaka 30.

Lakini nieleweni. Wale walikuwa wanatafuta fedha, na anayetafuta fedha anaweza kuandika hata jina la mtu aliyemkimbia miaka kumi iliyopita. Mimi mume wangu simfichi kitu, ila mama mkwe amelisimulia jambo hili katika kila mkutano tangu mume wangu akiwa mtoto. Mchapaji nimekwisha kumpa malipo ya awali, na shemeji zangu wameagiza fulana za ukoo mzima zenye mwaka 1857 kifuani. Nikisimama leo niseme nini?

Fundi Cherehani

Kumbe tatizo si la vitabu, ni la fulana! Tano na saba za mwisho mnaweza kuzifunika kwa nembo. Baba yangu mdogo alitwambia miaka yote kwamba sisi ni wa ukoo wa Sultani, mpaka mjukuu mmoja akamwuliza Sultani yupi, akaanza kukohoa.

Jicho la Tatu

Wakuu, naomba tusimame hapa kidogo. Ameanza na ombi la vitabu. Alipobanwa ikatokea kaunti, alipobanwa tena ikatokea sensa, sasa imetokea orodha ya mwaka 1867, na kila waraka unafika kwa wakati unaofaa kama sura za riwaya. Kisha zikaja fulana. Kwa maoni yangu huyu ni mwandishi anayejaribu kisa chake kwetu ili tumfanyie utafiti bure. Kama ni kweli, atwambie jina la babu limeandikwaje katika orodha ya watumwa ya sensa ya mwaka 1860.

Msomaji wa Usiku

Tahadhari na kuwaita watu waongo. Harriet Jacobs alieleza jinsi alivyojificha karibu miaka saba katika upenyo wa darini kwa bibi yake huko Edenton, North Carolina, mahali ambapo hakuweza hata kusimama wima. Kitabu kilitoka mwaka 1861 kwa jina la kubuni, na kwa muda mrefu wasomi wengi walikichukulia kuwa riwaya iliyoandikwa na mhariri wake mzungu, mpaka Jean Fagan Yellin alipokusanya barua na nyaraka katika miaka ya 1980 na kuthibitisha kwamba mwandishi ni Jacobs mwenyewe na watu anaowataja walikuwapo.

Jicho la Tatu

Na kinyume chake je? Alex Haley aliuza *Roots* mwaka 1976 kama nasaba ya kwao, kisha watafiti Gary Mills na Elizabeth Shown Mills wakapekua kumbukumbu za Virginia, wakakuta mtumwa Toby, ambaye Haley alisema ndiye babu yake Kunta Kinte aliyeletwa kutoka Afrika, yuko mikononi mwa familia ya Waller kabla meli ya Kunta Kinte haijafika Annapolis mwaka 1767. Kwa hiyo swali langu bado lipo.

Mkwe wa Ng'ambo

Ndugu Jicho, hilo jina halikuandikwa. Orodha za watumwa za 1850 na 1860 zina jina la mmiliki, na chini yake umri, jinsia na rangi. Kwa mmiliki huyo mwaka 1860 nimeona mwanamume mweusi wa miaka 26. Picha ya waraka sitaiweka hapa kwa sababu ina jina ambalo mama mkwe analitumia hadi leo.

Karani wa Nyaraka

Jicho la Tatu, mtego wako ulikuwa mzuri na ameuruka. Mtunzi wa kawaida angekupa jina.

Lakini dada, katika kuuruka umeangukia pabaya zaidi. Mwanamume wa miaka 26 mwaka 1860 ni wa miaka 30 mwaka 1864. Mmiliki hakuwa na sababu ya kudanganya karani wa sensa kuhusu fidia ambayo ilikuwa bado haijafikiriwa. Kwa jinsi unavyoyaeleza, babu hakuondoka mwaka 1857, na yule wa kwa Still ni mtu mwingine mwenye wajukuu wake, ambao huenda nao wanamtafuta. Ukimchapisha kama wa kwenu, utakuwa umewapoteza na wao.

Orodha ile ya mwaka 1867 ina safu nyingine baada ya umri: hali ya mwili, muda wa utumwa, na kama mtu alijiunga na jeshi. Katika mstari wa babu pameandikwa nini?

Mkwe wa Ng'ambo

Pameandikwa kwamba aliingia jeshini mapema mwaka 1864.

Sikulitaja kwa sababu familia haijawahi kusema lolote kuhusu uanajeshi, nami nilidhani ni mtu mwingine.

Mwana wa Kisauni

Subhanallah! Ulitaka kumtupa askari ili umchukue mtoro wa watu?

Karani wa Nyaraka

Sasa tunazungumza. Mwezi Oktoba 1863 Wizara ya Vita ilitoa amri iliyoruhusu kuwaandikisha watumwa Maryland, na mmiliki aliyekuwa mtiifu kwa Serikali aliweza kudai hadi dola 300 kwa kila mtu baada ya kumwandikia hati ya uhuru. Wengine hawakungoja hati ya mtu. Waliondoka usiku mashambani na kwenda kujiandikisha, na kambi kubwa ya kusini mwa Maryland ilikuwa Camp Stanton, pale Benedict kando ya mto Patuxent. Sisemi kwamba babu yenu alifanya hivyo. Nasema kwamba familia inakumbuka kutoroka usiku, na waraka unataja jeshi, na hayo mawili yanaweza kuwa kisa kimoja kilichopoteza mwaka wake.

Njia ya kujua ipo. Tafuta kwanza faili lake la utumishi katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, kwa maana mafaili ya askari wa Maryland wakati mwingine yana hati ya uhuru na dai la mmiliki ndani yake. Kisha ulizia faili la pensheni, lake au la mjane. Mjane alipaswa kuthibitisha ndoa, na kwa kuwa ndoa za utumwani hazikuwa na cheti, aliita mashahidi waliowafahamu tangu shambani, nao walitaja mabwana, watoto na tarehe kwa kinywa chao. Hakuna kitabu dukani kitakachokupa hayo.

Shangazi Mkubwa

Marahaba mwanangu. Mimi bado nasema mama mkwe aambiwe na mwanawe wa kumzaa, si na wewe. Na aambiwe kabla ya siku ya watu.

Mkwe wa Ng'ambo

Ahsante shangazi, hilo nimelichukua, mume wangu atakwenda kwake Jumapili. Kwa upande wa kitabu, simwondoi mtu wa kwa Still moja kwa moja. Nitaweka simulizi ya mama mkwe kama alivyoisema yeye, kwa jina lake, na orodha ya mwaka 1867 nitaiweka kama kiambatisho mwisho wa kitabu.

Karani wa Nyaraka

Simulizi ibaki, sina ugomvi nayo. Ila orodha iwe ukurasa unaotazamana nayo, kwa sababu viambatisho husomwa na mimi peke yangu, na jina la yule mtu wa Still litoke. Ukipata namba ya kikosi iandike hapa nikuelekeze namna ya kuomba faili la pensheni.

Fundi Cherehani

Na fulana?

Mkwe wa Ng'ambo

Fulana zimekwisha kuchapwa. Zitavaliwa.